Dagaa Ndani ya Godoro la Kiranja

Juzi nilipita ufukwe wa Kibirizi wanawake wakianua dagaa mchangani, na ile harufu ikanirudisha shule ya masista. Nikacheka peke yangu.

Wanafunzi tuligawanywa kwa nyumba, kila nyumba na mtakatifu wake. Mimi, mtoto wa kambi ya wakimbizi, nilipangwa Nyumba ya Mtakatifu Anna, chini ya kiranja Redempta. Kila neno la Kirundi lililonitoka aliliandika kwenye daftari lake la makosa, na kila Jumamosi niliosha vyoo peke yangu.

"Rudi kwenu na lugha yako," alikuwa akiniambia.

Mama aliponiletea dagaa, nilitenga konzi mbili. Asubuhi ya ukaguzi nikazipenyeza ndani ya godoro la Redempta, na hadi mchana joto la bati lilikuwa limefanya kazi yake. Niliamini kwamba mwenye godoro ndiye atakayekatwa alama za usafi. Sikujua kwamba alama ni za nyumba nzima.

Sista alisimama mlangoni akanusa, kisha akafuta alama zetu zote ubaoni.

"Sista, ni godoro la kiranja tu," nikasema.

Akanigeukia taratibu. "Na wewe umejuaje?"

Vyoo tukaosha wote wa nyumba yetu. Leo naelewa kwamba niliwaponza wenzangu wasio na kosa, na hao nawaomba radhi. Redempta simwombi. Alipiga magoti pembeni yangu akisugua, sketi yake ikinuka dagaa, nami nikaimba kwa Kirundi, kwa sauti, nyimbo zote nilizozijua. Mkono wake wa kuandikia ulikuwa umeshika brashi.