Mbasela ya Mama Godelive

Nilitoka Lubumbashi kumrudishia Mama Godelive vitabu vyake, na aibu haikuniacha nilale. Kibarazani kwangu, Makomeno, nina rafu ya vitabu ambavyo waandishi wamevichapisha kwa gharama zao. Wapita njia huvishika, hutazama jalada, hunisifu, kisha huenda zao. Cha Mama Godelive, muuza samaki wa Kasenga, kilikuwa hakijapata mnunuzi hata mmoja. Aliponikabidhi katoni alisema: "Kama bantu habatasoma hii, sitaandika tena." Alikuwa hatanii.

Alfajiri, kituo cha magari cha Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Dereva alisema tunaondoka sasa hivi, akaenda kunywa chai. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena kuikagua katoni ambayo haikuwa na miguu ya kukimbia. Mama mmoja akanicheka: "Dada, kiti yako iko na siafu?"

Njiani, vumbi lilituvalisha sare. Kila tulipokwama nilitunga upya maneno ya kumwambia Mama, na kila mara yalizidi kuwa mabaya.

Kasenga, mchana. Nilimkuta kwenye meza yake ya samaki wakavu, nikasema yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza akifukuza nzi.

"Ulibapa mbasela gani?"

Sokoni, mnunuzi huongezewa kidogo juu; ndiyo mbasela.

"Mama, kitabu si samaki!"

Alikwenda kwa mwenye fotokopi, akarudi na nakala za sura ya kwanza peke yake, na tangu hapo kila aliyenunua samaki alipewa karatasi hizo juu. Nilikasirika kweli. Jasho la mtu linagawiwa kama dagaa!

Kesho yake, asubuhi, alikataa kuipokea katoni. "Rudia nayo. Bantu bote ba mu gari balinunua samaki yangu."

Tulipoiacha Kasenga nyuma, abiria mmoja, mwalimu, alitoa karatasi zake za mbasela akasoma kwa sauti. Mume amevuka mto kwenda Zambia; mtumbwi umerudi na shati lake tu, limefuliwa na kupigwa pasi. Akageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

"Nani alipiga ile pasi?" aliuliza dereva.

Wote walinigeukia, mimi na katoni yangu.

"Dada, unajua?"

"Najua."

"Sema basi!"

Ulimi uliniwasha, lakini nikaubana. "Iko mu kitabu."

Dereva akasimamisha gari kando ya barabara. "Fungua katoni. Hatuende fasi yoyote."

Lubumbashi, jioni. Nilishuka na katoni tupu, na nimejifunza: mtu hanunui jalada, hununua kujua kilichotokea. Siku hizi kibarazani nasoma sura ya kwanza kwa sauti, kisha nafunga kitabu penye utamu, wanitukane wakitaka.

Jioni ile, kabla ya kuondoka kituoni, nilimpigia Mama Godelive simu, nikipiga kelele kwa furaha. Nilimwambia vimekwisha vyote, watu wanauliza kama kuna kingine.

"Uniache kwanza, mutoto yangu," alisema. "Niko naandika."