Ngamia Waliokonda Mtandaoni

Serikali ya kaunti ilipokuja Isiolo, kila mwenye biashara alitaka tovuti, na mimi nilikuwa nimesomea kuziandika kwa wiki mbili nzima. Mzee mmoja wa mtaa wa Wabera, muuzaji wa ngamia, akanipa kazi. Nikamwandikia: "Ngamia mia moja, wanono, bora Isiolo yote." Akaniamuru nifute hesabu, kisha nifute sifa, kwani mfugaji hahesabu wala hasifu mifugo yake mbele za watu, jicho baya lisije likaimaliza.

"Andika niko na ngamia wachache, wamekonda."

Nikamweleza kwamba mtandao unapenda sifa.

"Huo mtandao uko na ngamia wangapi?"

Kwa hasira nikaandika "ngamia waliokonda" mara tisa, maana tulifundishwa kurudiarudia maneno. Mwezi haukuisha, ukurasa wetu ukawa wa kwanza kumtokea kila aliyetafuta maneno hayo mtandaoni. Simu zikaingia kutoka Merti hadi Oldonyiro, zote za wafugaji ambao ngamia wao wamekonda, wakitafuta dawa.

Siku hizi mzee anauza dawa za mifugo. Ameniagiza niandike kwamba ni nyingi na hazina mfano. Nikamuuliza kuhusu jicho baya.

"Ngamia ni mali, kijana. Dawa ni ya kuuza tu, kama hayo maneno yako."