Vyuma Viwili Dirishani

Chumba changu cha mtaa wa Saint-Josse, huku Ubelgiji, kilikuwa na dirisha kubwa linalotazama barabara, na juu yake linta ilikuwa imepasuka. Linta ni ile boriti ya zege inayobeba ukuta ulio juu ya dirisha. Yangu ilikuwa na ufa wa wima katikati, wenye doa la kutu. Ningeuzoea tu, ila Alhamisi alikuwa anakuja mwanamke wa ofisi ya watoto, kuamua kama wadogo zangu wawili wangeruhusiwa kuhamia kwangu. Tangu wazazi wetu wafariki walikuwa wanalala mtaa wa Laeken, kwa mama mmoja wa kanisani, maman kama tunavyomwita, mwenye watoto wake watano.

Baba alikuwa mwashi Bukavu, na nilipoacha shule mapema nilimfuata kazini, msichana peke yangu kati ya wanaume wenye suruali za vumbi. Kwa hiyo nilijua la kufanya. Nilipanda kiti nikagonga linta kwa nyundo ndogo. Pembeni ililia kama jiwe. Katikati ililia kama debe tupu, maana yake nondo ya ndani ilikuwa imeshika kutu, ikavimba, ikaisukuma zege nje. Haikuwa ya kuanguka kesho, lakini haikuwa ya kupakwa rangi na kusahauliwa. Mwenye nyumba, mzee wa Kibelgiji, alisema nifanye nitakavyo mradi yeye asipande ngazi.

Jumanne nikasimamisha vyuma viwili vya kuegemeza, vile vinavyorefushwa kwa kukaza skrubu, vikaibeba linta kutoka chini. Nikabomoa zege mbovu, nikasugua nondo kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, nikaipaka dawa ya kutu, nikalowesha zege iliyobaki, kisha nikashindilia udongo mpya wa saruji kidogo kidogo. Vyuma vilitakiwa kubaki siku kumi.

Alhamisi asubuhi maman alifika na sahani ya mandazi, akaviona, akashika kichwa.

"Mutoto wangu, mugeni hapokelewi na vyuma. Bon, tunafunika, anakunywa chai, anasaini, anaenda."

Nikakataa. Kengele ikalia, nikashuka kumfungulia mgeni. Tuliporudi juu, vyuma vyangu vilikuwa vimevishwa kitenge cha njano kutoka juu hadi chini, na fundo kubwa kiunoni, kama wasimamizi wawili wa harusi. Mgeni alikisifu kitambaa, kisha akauliza kuna nini ndani. Maman akatazama dari.

Nikafungua mafundo mbele yake. Kwa Kifaransa changu cha kuokoteza nilimweleza kazi yote, nikampa nyundo. Akavua viatu, akapanda kiti na soksi zake, akagonga palipo pazima pembeni, halafu akataka kujua habari za ufa ulioko juu ya mlango wa gereji yake, nyumbani kwake Ganshoren. Tuliongea gereji nusu saa. Mandazi yakaisha. Ndipo akasema, kwa upole, kwamba watoto hawatalala hapa kabla vyuma havijaondoka, na kwamba atarudi siku hiyo.

"Ungeacha kitambaa, saa hii wangekuwa wanapanga nguo," maman aliniambia kwenye ngazi.

Siku ya saba saruji ilikuwa ngumu, ukucha haukuingia. Maman alipiga simu kila jioni kusema wadogo wanauliza, alors, vile vyuma vinataga mayai? Mara mbili nilishika skrubu, mara mbili nikaiachia. Ya kumi nililegeza robo duara huku, robo duara kule, sikio likiwa ukutani. Kimya. Nikavitoa.

Mgeni alirudi, akaigonga linta kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuniomba maelezo, akasaini karatasi ameiegemeza ukutani. Jumamosi wadogo wakaja. Mvulana akauliza kitanda chake ni kipi. Yule wa kike hakuuliza. Alikuwa ameshatupa mfuko wake kwenye kile kilicho chini ya dirisha.