Safu ya Maimamu kwenye Mahameli Nyeusi

Jua la asubuhi ndiyo kwanza linaingia dirishani, na Mama Sindano ameshainamia fremu yake ya mbao. Subana kidoleni, miwani puani, anapitisha uzi wa zari kwenye mahameli nyeusi na kuuvuta kwa chini bila kuangalia. Herufi za dhahabu zinajitokeza moja moja.

Safu anayoishona leo aliwahi kuimaliza. Wiki iliyopita aliifumua yote kwa mkono wake mwenyewe.

"Kufumua zari ni kujikomoa," anasema huku akicheka. "Uzi unakatika, kitambaa kinabaki na matundu, na wewe unabaki na hasira zako."

Jina la Mama Sindano alibandikwa na wateja, naye hakulikataa. Anadarizi majoho ya mahafali, nguo za maharusi na vitambaa vya kutundikwa misikitini. Kwa kazi hiyo amesomesha mabinti wawili hadi chuo kikuu, na akilitaja hilo hukaa vizuri kitini.

Herufi alifundishwa na baba yake, mwalimu wa madrasa aliyestaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Maalim. Baba na binti ni Wasuni. Mume wa Mama Sindano, fundi saa mpole, ni Mshia. Nyumba yao imezoea kuswali kwa namna mbili na kula sahani moja.

Kisha msikiti wa mumewe ukampa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika: kitambaa cha ukuta mzima. Juu kabisa, jina la Mtume Muhammad. Chini yake, safu ya maimamu kumi na wawili. Chini ya maimamu, kwa herufi ndogo kidogo, manabii waliotangulia: Ibrahim, Musa, Isa na wenzao.

Hapo pana mvutano wa karne nyingi. Pande zote mbili zinakubali kwamba unabii ulifungwa kwa Mtume Muhammad. Lakini kwa Washia wa Maimamu Kumi na Wawili, imamu, ingawa si nabii, ni mteule wa Mungu aliyekingwa na dhambi, na wanazuoni wao wengi humweka juu ya manabii wote isipokuwa Mtume mwenyewe. Kwa Wasuni, asiye nabii hamfikii nabii hata awe mwema kiasi gani.

Mama Sindano alijua fika kwamba baba yake atakiona kitambaa hicho. Tangu aanze kazi hajawahi kushona bitana ya kufunika mgongo wa kazi kabla Maalim hajakagua herufi.

"Watu wa msikiti niliwaweza. Aliyeninyima raha ni baba," anakiri. "Kazi kubwa namna hii, nilitaka akiitazama ajivunie mimi, asininunie."

Basi akafanya ujanja. Akawapunguza maimamu kimo kidogo, safu yao ikawa sawasawa na ya manabii. Wazee wa msikiti walipopita kuangalia waliishia kusifu, wakaaga, wakaenda zao.

Maalim hakupitwa. Aliinama na kalamu yake ya mwanzi, akapima kimo cha herufi kwa nukta za ncha yake, vilevile alivyomfundisha binti yake utotoni. Kisha akaomba aonyeshwe mchoro uliokubaliwa na wateja.

"Hawa wamepungua," akasema.

"Nimewapunguza mwenyewe, baba. Kwa ajili yako."

Mzee akavua miwani.

"Mimi siamini kwamba imamu anampita Musa, na nitazikwa siamini. Lakini wenzetu wanaamini, na wamekukabidhi kitambaa chao. Ukinifurahisha mimi kwa mali yao, mwanangu, umewaibia. Fumua."

Akafumua. Akilisimulia hilo machozi yanamlengalenga, na papo hapo anacheka. "Wengine wana mashamba," anasema. "Mimi nina baba."

Mchana, hodi inasikika mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuone."

Maalim anapima upya, jina baada ya jina, midomo ikihesabu kimyakimya. Akifika mwisho wa safu anairudisha kalamu mfukoni.

"Shona bitana," anasema.

Kitambaa kitatundikwa Jumamosi. Baada ya hapo Mama Sindano anapanga kufungua darasa la kudarizi katika chumba hiki hiki, kwa wasichana wa misikiti yote miwili, wa mumewe na wa baba yake, na fremu mbili za kuanzia ameshazichongesha. Lakini kuna jambo linalomshughulisha kuliko darasa. Analiuliza akiwa amegeukia pasi, mgongo kwa baba yake.

"Jumamosi utakuja?"

"Nitakuja," anajibu Maalim. "Wakizisoma hizo safu zao nitanyamaza. Ila wakiuliza nani kashona, usinitangulie kujibu. Hapo nitasema mimi."