Fundi wa Viyoyozi Anayejifunza Kunyamaza

Saa nane na robo mchana, ndani ya karakana ya shule ya sekondari, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amelibana bomba la shaba kwenye jiliwa. Amekwisha kulikata. Sasa anausugua mdomo wa bomba kwa tupa, ameuelekeza chini ili chembe za shaba zisiingie ndani. Midomo yake inaanza kucheza.

"Halafu tunachukua..."

"Umeongea!" wanafunzi wanamdaka kwa pamoja.

Anacheka, anatikisa kichwa, analifungua bomba. Ni mara ya nne leo. Walikubaliana kwamba kila akitoa sauti, anaanza upya.

"Mganga hajigangi, Mama Baridi," anasema msichana mfupi wa kidato cha nne ambaye wenzake humwita Nukta. "Sisi tukipiga soga unatutoa nje."

"Wewe nawe! Mdomo wako ungekuwa spana, ningekuwa nimeshafunga nati zote za mji huu."

Karakana inaangua kicheko. Naye anachukua bomba jingine.

Mama Baridi ndilo jina analojulikana nalo shuleni hapa. Asubuhi hutengeneza viyoyozi na majokofu majumbani na madukani, na hapo ndipo anapopata riziki. Mchana, kwa mwaka wa sita sasa, huwafundisha wanafunzi kufunga na kutengeneza mashine za kupoza hewa wakati wa joto na kuipasha wakati wa baridi. Posho ya shule, anasema, "inatosha nauli na sabuni, tena sabuni ya kipande."

Keshokutwa atafanya mtihani wa ufundi pamoja na wanafunzi wake kumi na mmoja wa kidato cha nne. Hatakuwa msimamizi. Atakuwa mtahiniwa kama wao, maana hana cheti. Kuanzia muhula ujao, asiye na cheti hataruhusiwa kufundisha karakana.

"Nimemwombea muda mpaka mwisho wa muhula huu," anasema mkuu wa shule, mwanamume mpole anayepima maneno yake. "Zaidi ya hapo, mkono wangu haufiki."

Mama Baridi aliacha masomo kidato cha pili, mama yake alipougua. Mjomba wake, fundi wa majokofu, akamchukua awe anambebea mkoba wa vifaa. Macho ya mjomba yalikuwa yameanza kufifia, lakini hakutaka wateja wajue.

"Akaniambia, 'Mwanangu, mikono itakuwa yako, macho yangu yatakuwa mdomo wako.' Basi kila nilichofanya nilikisema. Nakata. Nasafisha. Navisha nati. Nikikosea, anakohoa."

Walifanya kazi hivyo miaka tisa, hadi mjomba alipofariki. Yeye akaendelea kusema, na alipoanza kufundisha, kusema kukawa ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka jana mazoea hayo yalimponza. Kwenye chumba cha mtihani msimamizi alimwonya mara mbili: "Mtahiniwa, kaa kimya." Akanyamaza. Na aliponyamaza, mikono ikapotea njia. Akautanua mdomo wa bomba vizuri kabisa, kisha akaiona nati bado iko mezani.

Anayeijua kazi hii anajua maana yake. Nati huvishwa kwanza. Mdomo ukishatanuliwa, haipiti tena. Alikata akarudia, lakini bomba alilopewa lilikuwa la kipimo. Likapungua kwa urefu wa kidole, likashindwa kuifikia mashine.

"Kosa hilo nimewakataza watoto mara mia," anasema. "Siku ile wanafunzi wangu sita walifaulu. Niliwapongeza mmoja mmoja, nikaenda kuosha uso."

Sasa bomba la tano liko kwenye jiliwa. Karakana imetulia. Anakata, anasugua, anasita kidogo. Mkono unakwenda kwenye nati na kuivisha. Anabana, anatanua, anapaka mafuta, anaunganisha na mashine ya mazoezi kwa vidole kabla ya kushika spana. Upande wa pili wa bomba, vivyo hivyo. Hakuna neno.

Anapoishusha spana chini, Nukta anaanza kupiga makofi, wenzake wanafuata.

"Msinishangilie bado," anasema. "Makofi hayazibi tundu."

Anajaza gesi ya majaribio, anafunga vali, anapaka povu la sabuni kwenye maungio. Hakuna kipovu kinachovimba. Lakini tundu dogo huweza kujificha kwa saa nyingi, kwa hiyo mashine hulazwa na gesi yake hadi asubuhi. Kwa kalamu, anachora mstari kwenye kioo cha geji ya kupimia nguvu ya gesi, pale sindano iliposimama.

"Ikishuka je, Mama?" Nukta anauliza.

"Tutatafuta panapovuja. Kesho yote ni yetu."

Wanafunzi wakishaondoka, anasimama mbele ya ratiba iliyobandikwa mlangoni. Kila somo lina jina la mwalimu wake. Kwenye vipindi vyake pameandikwa "karakana" tu.

"Hawa watoto wananiamkia kila siku," anasema taratibu. "Wananiita mama, wananiita fundi, na yote nayapenda. Lakini natamani siku moja mgeni apite hapa, asome hii karatasi, ajue kuna mwalimu."

Akipata cheti, anataka kuomba vipindi vya kidato cha kwanza pia, awapate wangali wadogo. Tayari amekwisha kuandika somo la kwanza kwenye daftari, kurasa nne.

Anarudi kwenye geji, anainama. Sindano ingali palepale kwenye mstari. Ni mapema mno kuiamini. Anaifunika mashine kwa kitambaa, anazima taa, anafunga mlango. Kesho saa mbili asubuhi, kabla ya kwenda kwa mteja yeyote, atakuja kuisoma.