Rangi Niliyoiosha Kama Mchanga

Mama mkwe hakuwahi kuniita fundi. Nilimwoa binti yake nikiwa mchimbaji wa dhahabu Rwamgasa, na hata nilipohamia Runzewe na kuanza kupaka rangi magari nyuma ya nyumba yangu, kwake nilibaki mchimbaji. Kwa heshima ya ukwe hatukusemezana. Maneno yake yalipitia kwa mke wangu, nami nimesimama hatua tano tu, nasikia yote.

Siku moja geti likamkwangulia mlango wa gari lake la rangi ya fedha. "Mwambie mchimbaji ajaribu," akasema. Nilifurahi. Nililitamani hilo neno fundi kuliko nilivyowahi kukiri.

Rangi yenyewe ilikuwa ya maji, nami nilizoea ile ya kuchanganya na thina. Muuza duka alinionya: koroga tu, usiongeze kitu. Nilipofungua kopo nikaikuta nzito kama mlenda. Nikikoroga inalainika, nikiiacha inarudia uzito wake. Nikajua nimeuziwa rangi mbovu. Mikono iliyoosha mchanga miaka sita haina masikio: kinachong'aa ni kizito, kitazama. Nikaongeza maji, nikaacha itulie, nikamwaga ya juu, nikabaki na mng'ao wa chini. Nilijiona mjanja kweli.

Mlango ulipokauka ulikuwa na mabaka kama ndama. Ukiutazama kutoka mbele unameta, ukisogea nyuma umefifia. Mama mkwe akaja, akatazama huku, akatazama kule.

"Muulize mumeo, alikuwa anapaka rangi au anatafuta dhahabu?"

Mke wangu hakuuliza. Alikuwa amekaa chini, anacheka. Mimi niliona aibu, sina pa kuweka uso.

Nikausugua mlango wote, nikanunua kopo jingine, nikamtii muuza duka. Ile rangi nzito ilitoka laini kwenye bomba la kupulizia, na ilipofika kwenye bati ikashika palepale. Kumbe uzito ule ndio unaozuia vimeto vya fedha vilivyomo ndani ya rangi visikimbiane, vikalala sawasawa. Nikapuliza kidogo, nikasubiri, nikapuliza tena, roho juu.

Mama mkwe akarudi. Akainama, akalizunguka gari lote polepole, kisha akamgeukia binti yake.

"Mlango wenyewe ni upi?"

Mke wangu akamwonyesha. Mama yake akaupapasa.

"Mpakulie fundi chakula," akasema. "Ila mwambie asimwage mchuzi akitafuta nyama."