X Nyekundu Kwenye Mitundu ya Chenene

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya picha. Setilaiti ilikuwa imeupiga mkoa wetu picha kutoka juu, ikaonyesha kijani mahali ambapo hatukukitarajia, na mkuu wangu ofisini alitaka mtu wa misitu aende akaone kama kile kijani ni miti au ni mbwembwe. Mtu huyo nikawa mimi.

Asubuhi tulitoka Miyuji, mimi na dereva wangu Kasimu, mrefu kama nguzo ya umeme. Msitu mnene wa kwanza kwenye ramani ulikuwa shamba la zabibu. Mwenye shamba alitukaribisha zabibu, tukala. Nikaandika: si msitu. Kasimu akashauri tuhakikishe tena.

Mchana, upande wa Chenene, tukaupata msitu wenyewe: miti ya mitundu na migunga, na mizinga ya nyuki ya magogo ikining'inia juu. Mti hupimwa unene usawa wa kifua cha mtu wa kawaida. Mimi mfupi, Kasimu mrefu. Ukituchanganya ukagawa kwa mbili, huyo ndiye mtu wa kawaida. Kila mti tuliopima tuliutia X ya rangi nyekundu, ili watakaokuja kupima miaka ijayo waupate tena.

Jioni mwenyekiti wa kijiji alitupeleka kulala kwa Mama Yohana, mjane aliyekuwa akisubiri kurina asali ya mizinga ile ile alipe ada za wajukuu. Tulimwamkia shikamoo, akatuandalia ugali wa uwele na mlenda.

“Ile mitundu yenye mizinga yangu mmeitia X?” aliuliza.

“Tumeitia, mama. Hatukuruka hata mmoja,” nikajibu kwa fahari.

“Mnarudi lini?”

“Keshokutwa.”

Akatuongezea mlenda. Nikamwona mkarimu kweli.

Keshokutwa yake, tukitoka kupima vilima vya mbele, tulikuta mizinga yote imepangwa uani kwake. Hakuna mlio wa nyuki.

“Nimeomba vijana wanishushie kabla hamjakata,” alisema. “Asali ilikuwa bado, na nyuki wamekasirika, wamehama.”

“Nani anakata, mama?”

“Si mmetia X? Nyumba ya mwanangu mjini ilitiwa X. Tingatinga halikuchelewa hata siku moja.”

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaeleza kwamba X yetu si ya kubomoa. Ni alama ya kuupata mti tena.

“Kumbe,” akasema. “Basi mngewatia X na nyuki.”

Kasimu alikwenda kuangalia matairi, ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Mizinga tulisaidia kuirudisha juu, lakini maua ya msimu yalikuwa yanaisha, na nyuki hawaitwi kwa kipaza sauti.

Tuliporudi mjini niliandika kwenye taarifa nilichojifunza: kwanza maelezo, rangi baadaye, na isiwe X. Kila mwenye paa nchi hii anajua X inasema nini. Mama Yohana aliisoma sawasawa, sisi ndio tuliokosea kuandika.

Mkuu aliisoma taarifa akafurahi sana kwamba msitu upo na hakuna mti uliopungua. Akaifunga, akaegemea kiti.

“Sasa,” akasema, “umetoka Chenene mikono mitupu? Asali yetu iko wapi?”